Shindano ya HPV: binti wa Kamembe na binti wa Kadutu

Katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, mama mmoja muuzaji wa sambaza alitusimamisha: "Dada yangu anaishi Kamembe, ngambo ya Ruzizi. Binti yake alichomwa shindano ya kanseri ya kizazi ku masomo. Wa kwangu, wa miaka 12, hapana. Na hapa banasema ile shindano inafanya mutoto asizae. Basi nifanye nini?"

Tuanze na maneno hayo ya kutozaa, maana ndiyo yanayoharibu kazi. Rwanda ilianza kuchanja wasichana mashuleni mwaka wa 2011, ya kwanza katika Afrika kufanya hivyo kwa nchi nzima. Wasichana wale leo ni wanawake wa kuzaa. Anayevuka daraja anakutana nao, watoto mgongoni. Chanjo haigusi kizazi. Ina ganda la virusi tu, ndani mtupu, ili mwili ujifunze kumtambua adui.

Virusi vyenyewe, HPV, vinapita kwa njia ya ngono, na karibu kila mtu mzima anavipata siku moja. Si alama ya umalaya: hata mama mwenye mume mmoja anaweza kuwa navyo. Mara nyingi mwili unavifukuza wenyewe kwa muda wa miaka 2. Vikikaa, hasa aina ya 16 na ya 18, vinaharibu mlango wa kizazi polepole, miaka 15 hata 20, bila maumivu. Mwaka wa 2022 kanseri hii iliua wanawake karibu 350 000 duniani, wengi wao katika nchi maskini.

Chanjo inalinda sana, lakini lazima itangulie virusi. Uingereza, kwa wale waliochanjwa na miaka 12 au 13, kanseri hii ilipungua kwa 87 kwa mia. Na Kenya, wasichana na wanawake 2 275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki katika utafiti: dozi moja tu ilizuia aina ya 16 na ya 18 kwa zaidi ya 97 kwa mia, walipofuatwa miezi 18. Desemba 2022 OMS ikakubali dozi moja kwa wasichana. Mwenye virusi vya sida anahitaji mbili, na ikiwezekana tatu.

Basi, mama, uliza kituo cha afya juu ya binti yako, wala usingoje aolewe.

Na wewe mwenyewe? Chanjo haiponyeshi aliyekwisha kuambukizwa. Kuanzia miaka 30 (25 kwa mwenye virusi vya sida, kwani hatari yake ni mara sita) inafaa kupimwa. Muuguzi anapakaa siki, ile vinegre, kwenye mlango wa kizazi. Palipoharibika panageuka peupe. Pakionekana mapema, panachomwa kwa baridi au kwa moto, mara nyingine siku ileile.

Tulimuuliza kama amekwisha kupimwa. Akacheka: "Mimi? Niko muzima, hapaniume." Tukamweleza kwamba mwanzoni haiumi kamwe. Akafunika sambaza zake, akanyamaza kidogo.

"Na ile ya vinegre, inaumaka?"

Inachoma kidogo tu, mama, na inapita upesi.