Ndege za Maji na Manowari Iliyojificha Rufiji

Ndege ya mashua ni ndege ambayo tumbo lake limeundwa kama mashua ili iweze kupaa kutoka majini na kutua majini bila kuhitaji kiwanja, na kwa sababu hiyo hutofautishwa na ndege ya maboya, ambayo mwili wake huinuliwa juu ya maji na maboya yaliyofungwa chini yake. Wafaransa ndio waliotangulia katika ufundi huu, kwani tarehe 28 Machi 1910, karibu na Martigues, Henri Fabre alipaa kutoka majini kwa nguvu ya injini, na mwaka 1913 ikaanzishwa kampuni ya FBA, ambayo ndege zake ndogo za mashua zilifanya doria baharini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zikitafuta nyambizi. Thamani ya ndege hizo ilikuwa katika kuona kuliko kupiga, maana mabomu yake yalikuwa madogo, ilhali rubani wake aliona mbali kuliko baharia yeyote aliyekaa mlingotini.

Katika Afrika Mashariki haja ya jicho la namna hiyo ilijitokeza mapema sana. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ambako mikoko iliifunika na kina kifupi cha maji kikazizuia meli kubwa za Waingereza kuifuata. Ndipo Waingereza walipomtafuta Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban na ndege ya mashua ya Curtiss iliyoundwa Marekani, wakampeleka Kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, na mnamo Novemba akaanza kuruka juu ya delta.

Adui wake wa kwanza alikuwa joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini nayo hudhoofika, na rejeta, yaani chombo cha kupoza maji yanayozunguka katika injini, hulemewa. Rejeta ya Curtiss ilipoharibika, badala yake ilipatikana kutoka gari la Ford huko Mombasa, ikafungwa kwenye ndege, na ndege ikaruka tena. Fundi wa Kariobangi Light Industries, aliyezoea kutoa spea ya gari moja na kuikalisha katika jingine, angeielewa kazi hiyo mara moja, na inastahili kuhesabiwa miongoni mwa kazi za maana za vita vile, kwa kuwa ndege hiyo ndiyo iliyothibitisha mahali ilipolala manowari. Mwezi Desemba Cutler alilazimika kushuka mtoni, akatekwa na Wajerumani.

Ndege za maboya za Sopwith zilizoletwa mwanzoni mwa 1915 zilishindwa na joto hilo hilo, na zile za Short zilizofuata, ingawa zilipiga picha za manowari mwezi Aprili, hazikuweza kupanda juu vya kutosha kukwepa risasi. Suluhisho lilikuwa kuyaacha maji, kwa sababu maboya ni mazito na huikinza hewa, ilhali magurudumu ni mepesi. Kiwanja kikasafishwa Mafia, na ndege za Kifaransa za Henri Farman na Caudron zikaletwa kuelekeza mizinga ya Severn na Mersey, meli mbili za vita zilizoweza kuingia katika maji mafupi.

Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Katika lile la tarehe 11 Julai, ndege ya John Cull na mwangalizi wake Harold Arnold ilipigwa na injini ikaanza kufa, lakini Arnold aliendelea kutuma kwa redio masahihisho ya shabaha huku wakishuka, mpaka ndege hiyo ya magurudumu ikaangukia mtoni karibu na Mersey, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo Wajerumani waliilipua manowari yao wenyewe, wakaokoa mizinga yake kumi, wakaitumia vitani nchi kavu.

Ndege za maji nazo hazikuachwa. Mwaka 1916 Wabelgiji walizifikisha Ziwa Tanganyika ndege nne za Short, ambazo ziliishambulia Kigoma, bandari ya meli Graf von Götzen, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Liemba.