Tiketi ya pointi, maili za nani?

Watu wetu wengi wanaoishi Marekani hulipia karibu kila kitu kwa kadi ya mkopo, kuanzia mafuta ya gari hadi ada ya chekechea, na pointi zinazopatikana wameziwekea lengo moja: tiketi ya kwenda nyumbani. Nauli ya familia ya watu wanne kwenda Dar es Salaam au Nairobi mwezi Desemba ni mzigo mzito, kwa hiyo pointi hizo zinakusanywa kwa subira na kulindwa kwa wivu. Zikishatosha, swali linalofuata huwa ni hili: je, safari niliyoilipia kwa pointi itaniingizia maili katika akaunti yangu ya shirika la ndege?

Jibu ambalo watu hupeana kwenye harusi na misibani ni kwamba tiketi ya pointi haina maili. Kwa tiketi za aina moja ni kweli. Kwa aina nyingine si kweli hata kidogo, na anayeliamini huacha mali yake mezani. Ili kujua tiketi yako ni ya aina gani, kuna jambo moja la kuchunguza: shirika la ndege limepokea nini kutoka kwa aliyekukatia tiketi. Likipokea dola, hutoa maili. Likipokea maili zake lenyewe, kwa kawaida halitoi kitu.

Pointi za Chase, American Express, Capital One au Citi ni ahadi ya benki kwako. Shirika la ndege halizijui. Ukiingia kwenye ukurasa wa safari wa benki yako, ukachagua ndege na kubonyeza "lipa kwa pointi", benki inafanya kazi ya wakala wa tiketi. Inazigeuza pointi zako kuwa fedha, mara nyingi kwa senti 1 kila pointi, kisha inalilipa shirika nauli kamili. KLM wakipokea malipo hayo hawaoni tofauti yoyote na tiketi iliyokatwa kwa fedha taslimu kwa wakala wa mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Utapewa maili kama abiria mwingine yeyote aliyelipa nauli ile.

Kuna njia iliyo wazi zaidi ya hiyo. Mwenye kadi za Venture za Capital One anaweza kununua tiketi moja kwa moja kwa shirika la ndege, akalipa kwa kadi kama kawaida, kisha ndani ya siku 90 akatumia pointi zake kufuta deni la ununuzi ule kwenye ankara. Shirika limeuza tiketi, limelipwa, na mengine ni kati yako na benki. Hapo hakuna wakala katikati, na maili zinaingia bila mjadala. Kwa mtu asiyependa mahesabu, naipendekeza njia hii kuliko zote.

Mlango wa pili ni kuhamisha pointi. Benki nilizozitaja zote zinaruhusu kupeleka pointi Flying Blue, programu ya Air France na KLM, na kila moja ina orodha yake ya mashirika mengine. Pointi zikishavuka zinakuwa maili za shirika, wala hazirudi benki hata ukibadili mawazo dakika tano baadaye. Unazitumia kuchukua kiti cha zawadi, unalipa kodi na tozo kwa kadi, na tiketi inatolewa katika daraja maalumu la kuhesabia. Kwa United, herufi ya daraja hilo kwenye tiketi ya zawadi ya kawaida ni X. Kompyuta ya shirika ikiona herufi ya namna hiyo inajua kwamba maili zimetumika, na haitoi nyingine.

Sababu yake iko kwenye asili ya mipango hii. American Airlines ilipoanzisha AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, lengo lilikuwa kumfunga abiria anayelipa ili asihamie kwa mshindani. Wakati huo hesabu ilikuwa ya umbali: ukiruka maili elfu, unaandikiwa maili elfu. Miaka ikapita, mashirika yakagundua kwamba mwenye tiketi ya bei chee anayeruka mbali anazawadiwa kuliko mfanyabiashara anayelipa ghali kwa safari fupi. Delta ikabadili mfumo Januari 2015, United ikafuata Machi mwaka huohuo, na American Agosti 2016. Flying Blue nao waliacha umbali mwaka 2018. Tangu hapo, kipimo kikuu kwa ndege za mashirika hayo ni fedha uliyolipa.

Kwa hiyo kiasi cha maili utakachopata kwa tiketi iliyokatwa kupitia benki kinategemea nauli. Delta humpa mwanachama wa ngazi ya chini maili 5 kwa kila dola, na mwenye hadhi ya juu kabisa maili 11. Dola zinazohesabiwa ni za nauli na tozo za shirika lenyewe. Kodi za serikali na ada za viwanja hazimo. Tuseme tiketi ni dola 1,000, na kati ya hizo 100 ni kodi. Mwanachama wa kawaida ataandikiwa maili 4,500. Angalia pia aina ya nauli, kwa maana tiketi za Delta za bei ya chini kabisa, zile zisizoruhusu kubadilisha, tangu mwanzo wa 2022 haziingizi maili hata ukilipa kwa noti.

Safari ya kuja kwetu ina ugumu mwingine, kwa kuwa mara nyingi tunaruka na shirika moja huku tukitaka maili za jingine. Hapa ndipo watu wanaponiandikia wakilalamika kwamba wamepunjwa. Chukua tiketi yako na utafute namba ndefu yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni za shirika lililotoa tiketi: 016 ni United, 006 ni Delta, 074 ni KLM, 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Mwanachama wa United akisafiri kwa tiketi inayoanza na 016, maili zake huhesabiwa kwa bei. Akisafiri Washington hadi Dar kupitia Addis Ababa kwa tiketi inayoanza na 071, hesabu inarudi kwenye mtindo wa zamani, umbali ukizidishwa kwa asilimia ya daraja la tiketi.

Tofauti hiyo yaweza kukufaidi au kukuumiza. Kwenda tu ni zaidi kidogo ya maili 8,000, kwenda na kurudi yakaribia 16,500. Kama daraja lako lina asilimia 50, utapata zaidi ya 8,000, karibu mara mbili ya zile 4,500 tulizopata kwa bei. Likiwa na asilimia 25, utaambulia kama 4,100. Na yapo madaraja ya bei chee ambayo kwa washirika hayana kitu kabisa. Jedwali la asilimia hizo liko kwenye tovuti ya shirika unalotaka likuandikie maili. Herufi ya daraja utaiona kabla ya kulipa ukifungua maelezo ya safari. Linganisha viwili hivyo kabla ya kubonyeza, maana ukishalipa herufi haibadiliki bila gharama.

Wakala, na benki ni wakala, pia huuza nauli za jumla ambazo bei yake halisi imefichwa. Kwenye risiti ya tiketi, mahali pa nauli, badala ya dola utaona herufi IT au BT. Kwa kuwa shirika haliwezi kutangaza bei ya tiketi hiyo, huihesabu kwa umbali na daraja, au haliihesabu kabisa. Ukiona bei ya benki iko chini sana kuliko ya shirika lenyewe, shuku jambo hili na usome masharti.

Nizungumzie sasa tiketi ya mzazi, maana ndiyo inayonigusa zaidi. Mtoto yuko Columbus, pointi ni zake, anamkatia mama tiketi aje kumwona mjukuu. Maili huandikwa kwa jina la anayekaa kwenye kiti, si la mwenye kadi. Bila mama kuwa na namba ya uanachama, zinapotea. Kumwandikisha ni bure na inachukua dakika chache, akiwa Tanga, Bukavu au Mombasa. Majina yafuate pasipoti yake herufi kwa herufi. Wengi wetu tuna majina matatu, na likiachwa moja au likipinduliwa, mfumo hauyatambui. Na kwa kuwa mama huenda akaruka tena baada ya miaka mitatu, mchagulie programu ambayo maili zake hazina mwisho wa matumizi, kama ya Delta au ya United. Flying Blue ni nzuri kwa anayesafiri mara kwa mara, lakini maili za mwanachama wa kawaida huisha baada ya miaka miwili asiporuka.

Usitegemee benki ikuwekee namba hiyo ya uanachama. Ukikata tiketi kupitia ukurasa wake utapewa namba ya safari ya benki, ambayo kwenye kaunta ya shirika haina maana. Tafuta ile nyingine, ya herufi na tarakimu sita, uingie nayo kwenye tovuti ya shirika na uandike namba ya uanachama mwenyewe. Safari moja huandikwa kwenye programu moja tu. Huwezi kugawa maili zake kati ya Delta na Flying Blue.

Tiketi ya zawadi nayo haikosi faida zote. Zipo maili za kutumia na zipo hesabu za hadhi, yaani zile zinazokufikisha kwenye ngazi za wanachama wa juu wenye mizigo ya ziada na foleni fupi. Hivi ni vitu viwili tofauti. Tangu 2024, Delta humwandikia anayeruka kwa maili zake dola 1 ya hadhi kwa kila maili 100 alizotumia. Maili mpya hapati, ngazi anapanda.

Je, uhamishe pointi au ukate kupitia benki? Rudi kwenye tiketi yetu ya dola 1,000. Kwa senti 1 kila pointi, benki itachukua pointi 100,000 na utapata maili 4,500. Tuseme kiti hichohicho cha zawadi kina kodi na tozo za dola 150, sawa na pointi 15,000. Ukihesabu maili moja kuwa sawa na pointi moja, zawadi inakufaa ikiwa bei yake iko chini ya takriban maili 80,000. Ikiwa 70,000, hamisha bila kusita. Ikiwa 90,000, kata kwa benki uchukue na maili zako. Maili za kupata ni kama asilimia 4 au 5 ya bei: zinatosha kuamua pale njia mbili zinapokaribiana, hazitoshi kufidia tofauti kubwa. Nimeona watu wakiacha kiti cha zawadi cha nusu bei kwa sababu "hakina maili", na uamuzi huo unaniuma kila ninapousikia.

Kwenye mizani uweke pia usumbufu. Ndege ikifutwa Amsterdam usiku na tiketi ni ya wakala, kaunta ya shirika mara nyingi itakurudisha kwa benki, nawe utasubiri kwenye simu ukiwa na watoto. Kwa safari yenye miunganiko miwili au mitatu, hilo lina uzito kuliko maili elfu nne.

Na kama unabeba deni la kadi mwezi hadi mwezi, sahau yote niliyoeleza mpaka uwe umelimaliza. Riba ya kadi Marekani imepita asilimia 20 kwa mwaka. Hakuna pointi wala maili inayoweza kuifidia.

Baada ya safari, usitupe kipande cha pasi ya kupandia ndege hadi maili zionekane kwenye akaunti. Kwa shirika mshirika huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili. Zisipoingia, fungua fomu ya madai ya maili kwenye tovuti ya programu uliyojiandikisha, uweke ile namba ya tarakimu 13 na picha ya pasi. Delta hupokea madai hadi miezi tisa baada ya safari. Usiandike kwamba umelipa kwa pointi, kwa sababu shirika halihusiki nazo na karani anaweza kudhani ni tiketi ya zawadi. Andika namba ya tiketi, tarehe, namba ya ndege na herufi ya daraja.