Je, Wajua? Liuli na Mkunazini ni ndugu

Shirika la kimisheni la Kianglikana, UMCA, lililofungua kituo Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, ndilo lililojenga Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanzwa mwaka 1873 palipokuwa soko la watumwa. Paa lake ni kuba refu la vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa saruji, na hadi leo limesimama imara! Kisiwani Likoma, nchini Malawi, shirika hilo lilianza kanisa kuu jingine mwaka 1903, kwa mawe na matofali. Historia tamu kama hii inastahili kukusanywa na chama cha wanafunzi. Ninyi wa wilaya za Mbinga na Nyasa mnaosomea usanifu majengo Chuo Kikuu Ardhi, likizo hii chukueni futi kamba, pimeni kanisa la kijijini kwenu, muulizeni mzee aliyefyatua matofali yake, kisha andikeni.