Gari Linalokula Oili: Tupime Kwanza, Ndipo Tulipe

Familia nyingi za jamii yetu hapa Marekani hununua magari yaliyokwisha tembea maili laki moja au zaidi, kwani ndiyo yanayolingana na kipato. Gari hilo ndilo linalompeleka baba kazini usiku, na ndilo linalowarejesha watoto kutoka shuleni. Basi siku fundi anapotamka kwamba gari linakula oili na injini imekwisha, nyumba nzima huingia mashakani, maana bei ya injini aghalabu huizidi thamani ya gari lenyewe. Tumeona ni vyema, ndugu wasomaji, tueleze namna ya kuichunguza kauli hiyo kabla ya mtu kutoa fedha.

Kwanza tufahamu kwamba ile taa nyekundu ya oili haionyeshi kiasi kilichobaki. Hiyo ni taa ya msukumo wa oili. Ikiwaka katikati ya safari, mara nyingi oili imekwisha pungua mno na vyuma vinasagana. Gari lisimamishwe na lizimwe papo hapo. Kipimo cha kutegemewa ni kijiti cha kupimia. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe, tungoje kama dakika 10, tukifute kijiti, tukirudishe hadi mwisho, ndipo tusome. Katika magari mengi, baina ya alama ya chini na ya juu pana takriban lita moja. (Baadhi ya magari ya Kijerumani ya siku hizi hayana kijiti kabisa, na kipimo husomwa kwenye skrini iliyo mbele ya dereva. Sisi wa kizazi cha kijiti hatujalizoea jambo hilo.)

Oili ijazwe hadi alama ya juu, maili za gari ziandikwe kwenye daftari, na kila tutiapo petroli tupime tena. Baada ya maili 1,200 hivi tutakuwa na hesabu, wala si hofu tupu. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji huhesabu kupungua kwa lita moja katika maili elfu moja na kitu kuwa ni kawaida. Sisi tunaona hiyo ni kawaida ya kumfaa mtengenezaji zaidi kuliko mwenye gari. Tahadhari moja: wakati wa baridi kali, safari fupi fupi huchanganya petroli na maji ndani ya oili, na kijiti kikaonyesha kwamba haijapungua. Siku ya safari ndefu vitu hivyo huvukizwa na joto, na oili huonekana kutoweka ghafla.

Oili hutoweka kwa njia mbili: huvuja au huungua. Kuvuja si lazima kuonekane chini ya gari. Gasketi ya kifuniko cha juu ikichoka, matone huangukia bomba la moshi lenye joto, na dalili pekee ikawa harufu ya kuungua tunapoegesha.

Kuungua hujulikana kwa moshi wa rangi ya buluu. Ukitoka kidogo asubuhi tu, injini inapowashwa, tushuku sili za valvu. Ukitoka kila tukanyagapo mafuta, tushuku ringi za pistoni, au turbo kwa magari yenye kifaa hicho. Lakini kutoonekana moshi hakuthibitishi usalama, kwani kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba huweza kuuficha kwa muda mrefu, nacho huharibika kwa kazi hiyo. Kabla ya yote hayo ikaguliwe valvu ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa. Ikikwama, injini hunyonya oili yake yenyewe. Katika magari mengi bei yake ni ndogo, na inashangaza jinsi mafundi wanavyoisahau.

Ringi za magari mapya zina kisa chake. Ili kupunguza matumizi ya petroli, watengenezaji walizifanya nyembamba na zenye mkazo mdogo, wakapendekeza na oili nyepesi. Oili isipobadilishwa mapema, masizi huziba vitundu ambamo oili hurudi chini, nayo hupanda na kuungua. Toyota Camry za 2007 hadi 2009 zenye injini ya lita 2.4 zilijulikana kwa ila hii, na kampuni yenyewe ilirefusha dhamana ya kutengeneza pistoni na ringi zake. Muda wa dhamana hiyo umekwisha, ila magari hayo bado yanauzwa. Anayetaka kulinunua aombe kuona kijiti kabla ya kuuliza bei. Tena ajue kwamba wapo wauzaji wanaotia oili nzito ili kuuficha moshi kwa siku chache. Hiyo ni ghushi.

Fundi akipima kompresheni akaiona nzuri, bado ringi za oili hazijaepukana na tuhuma, kwa sababu zinazozuia hewa ni ringi nyingine za juu yake.

Ikithibitika kwamba ni ringi, na gari ni kuukuu, kuongeza lita moja kila maili elfu moja huenda kukawa nafuu kuliko kufungua injini. Chupa ya oili ikae kwenye buti, na daftari liendelee kuandikwa. Nambari zikianza kupanda mwezi hadi mwezi, au gari likishindwa kupita ukaguzi wa moshi katika majimbo yenye ukaguzi huo, hapo ndipo pa kuanza kutafuta gari jingine.