Mama Kontable wa Alunguli: “Chifre isiyoandikwa inakula mutoto wa mutu”

KINDU – Saa kumi na mbili ya asubuhi, mitumbwi inajaa kwenye kivuko cha Alunguli. Watu wanavuka Lualaba kwenda Kasuku na Mikelenge, kwenye soko na kwenye ofisi. Mwanamke mmoja ameketi katikati ya mtumbwi, amekumbatia mfuko wa plastiki. Ndani yake kuna kaye mbili, mashini ya kuhesabu na biki mbili, moja ya bluu na moja nyekundu.

“Nikianguka mu maji, watu wataokota kwanza hii mufuko, kiisha mimi,” anasema, na wenzake wa mtumbwi wanacheka.

Anashika hesabu za kundi moja la wachimbaji wa kasiterite upande wa barabara ya Kalima, na siku ambazo hayuko kule anasaidia wafanyabiashara wawili wa mjini. Wachimbaji wanamwita Mama Kontable, na ni jina hilo tu tutakalotumia, kwa sababu mtu anayeshika feza za wengine hapendi kutangazwa.

“Nilijiuliza kama hii ni maisha”

Hakuanza kwa kuipenda kazi hii. Alisoma opsion komersiale kwa sababu masomo ya udaktari yalihitaji feza ambazo baba yake hakuwa nazo. Alipopata diploma ya Serikali, alipewa kazi katika depo moja: kunakili fakture toka asubuhi mpaka jioni.

“Miaka tatu nilikuwa naandika tu. Kwa mbele, kwa nyuma, ni chifre. Jioni narudia nyumbani, mutoto ananiuliza: Mama, umefanya nini leo? Sina cha kumujibu. Mwalimu anasema amefundisha, muganga anasema amemuponya mutu. Mimi niseme nini? Nimejumlisha?”

Jibu lilikuja kwenye shimo. Mchimbaji mmoja wa kundi alikufa, udongo ulimwangukia. Baada ya matanga, mjane alikuja kuuliza sehemu ya mumewe. Mtu aliyekuwa akikopesha chakula na vifaa pale kwenye shimo akasema marehemu hana kitu, deni lake linapita sehemu yake. Wanaume wote wakanyamaza. Hakuna aliyekumbuka vizuri.

Mama Kontable alifungua kaye. Deni lilikuwemo, kweli. Lakini kwenye kurasa mbili za mbele kulikuwa na malipo mawili, na pembeni ya kila moja kidole cha mkopeshaji mwenyewe katika wino. Lililobaki lilikuwa kidogo. Mjane alipewa feza yake mbele ya watu wote.

“Yule mama hakunishukuru kwa maneno mingi. Alishika ile kaye, akaigusa-gusa, akanirudishia. Ile siku ndiyo nilielewa kazi yangu. Mutu amekufa, hawezi kusema. Kaye ikasema kwa ajili yake.”

Kinachotoka kwa mmoja kimeingia kwa mwingine

Watoto wa wachimbaji wengi wanafikiri kontabilite ni kazi ya mtu aliyevaa tai katika biro. Lakini wazee wa Maniema wanajua kwamba mine na kaye ni ndugu. Tangu wakati wa Symétain, na baadaye Sominki iliyoundwa mwaka 1976, mfanyakazi alifuatwa na karani: siku alizofanya, kilo alizotoa, posho aliyopewa. Mashirika makubwa yalipoanguka, mchimbaji alibaki na jembe lake na shimo lake, lakini karani hakuwepo tena. Kila mtu akaanza kuhesabu kichwani, na kichwa cha mwenye njaa hakishindi kichwa cha mwenye feza.

Kanuni ambayo Mama Kontable anaifuata ni ya zamani sana. Mwaka 1494, mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa mjini Venice. Hakuibuni yeye, wafanyabiashara wa kule walikuwa wakiitumia tayari. Inasema hivi: kila feza inaandikwa mara mbili, pale ilipotoka na pale ilipoingia. Pande zote mbili lazima zilingane.

Tuweke mfano, kwa bei rahisi ya kuhesabu. Wachimbaji sita wameuza kilo 80 kwa franka 10,000 kila kilo: ni 800,000. Chakula kimekula 150,000, usafiri 50,000, deni la duka 120,000. Inabaki 480,000. Kama mapatano ni nusu kwa PDG wa shimo, yeye anachukua 240,000, na kila mchimbaji 40,000.

Sasa deni la duka likiandikwa mara mbili, kwa kusahau au kwa ujanja, inabaki 360,000. PDG anapata 180,000, kila mchimbaji 30,000. Mchimbaji atasema: “Elfu kumi tu, acha iende.” Lakini elfu kumi mara sita, na elfu sitini za PDG, ni 120,000 ambazo zimeingia mfukoni mwa mtu mmoja. Feza haikupotea. Ilihama.

“Ndiyo maana napenda hii kazi,” anasema. “Pande mbili zikikataa kulingana, usiku silali. Natafuta. Nikipata kosa, ni sawa mutu aliyeona jiwe yake mu mchanga.”

Siku ya kukataa

Si kila siku ni furaha. Mara moja mnunuzi alimtaka apunguze kilo kwenye kaye, na akaweka bahasha mezani. “Mama, andika tu vile. Hakuna mutu ataona.” Wakati ule alikuwa na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya minerval.

“Nilitazama ile bahasha sana, siwezi kukudanganya. Kiisha nikamwambia: Yaya, wewe unanunua leo, kesho unaenda. Mimi navuka maji pamoja na hawa watu kila siku. Macho yao nitayaweka wapi?” Mnunuzi alichukua bahasha yake. Mtoto alikaa nyumbani wiki mbili zaidi.

Kazi yenye njia

Kwa kijana anayesoma komersiale leo na kuona hakuna mbele, kuna mambo ya kujua. Tangu Kongo iingie katika OHADA mwaka 2012, kanuni za kontabilite tunazozitumia ni zilezile za nchi nyingine 16 za Afrika, na toleo lililorekebishwa linafuatwa tangu tarehe 1 Januari 2018. Anayeijua hapa Kindu anaweza kuifanya Dakar au Douala. Mwaka 2015 sheria iliunda chama cha taifa cha wataalamu wa kontabilite, ONEC. Na tangu kodi ya mine ya 2002 irekebishwe mwaka 2018, mchimbaji wa mkono anatakiwa kuwa ndani ya koperative. Koperative bila kaye si koperative, ni kundi la watu wanaoshukiana.

Nyumbani vilevile. Mama Kontable anawafundisha wake za wachimbaji kugawa ukurasa kwa mistari minne: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Asiyejua kuandika, mtoto wa shule amwandikie, na yeye aweke kidole. “Usingoje feza iwe mingi. Anza na ile ya chumvi.”

Jioni mtumbwi unarudi Alunguli. Tulimuuliza biki nyekundu ni ya nini.

“Ya makosa yangu,” akajibu. “Sifuti. Napiga mustari, naandika ya kweli juu, naweka sahihi yangu. Watu waone kama nilikosea, na waone kama nilirekebisha. Bila ile, nani ataniamini?”

Na mtoto wake akimuuliza leo amefanya nini, sasa ana jibu. “Ninamwambia: leo watu sita wamerudia nyumbani na feza yao yote.”