Nyaraka za Mgonjwa Zisife na Kompyuta

Kata ya Kwala, iliyopo Wilaya ya Kibaha mkoani Pwani, kiasi cha kilomita 90 kutoka jijini Dar es Salaam, imebadilika sana katika kipindi kifupi. Tarehe 31 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi Bandari Kavu ya Kwala, na eneo lililokuwa la wakulima na wafugaji sasa linapokea makontena, malori, madereva, vibarua na mafundi kutoka kila pembe ya nchi. Penye mizigo pana watu, na penye watu pana homa, uzazi, ajali na dawa za kila mwezi. Dereva aliyeanza matibabu ya kifua kikuu Dodoma huenda akahitaji dozi yake Kwala. Mama aliyehudhuria kliniki Kwala huenda akajifungulia Mlandizi au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi. Kwa watu wanaohama namna hii, karatasi ya mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sekta ya afya nchini imelizingatia neno hilo kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1990 vituo vya kutolea huduma vimejaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Baadaye ukaja mfumo wa DHIS2 wa kukusanya takwimu, na mfumo wa GoT-HoMIS unaotumika katika hospitali na vituo vya umma kusajili wagonjwa, vipimo, dawa na malipo. Taarifa zinazoingizwa katika mifumo hiyo hukaa kwenye seva, wala hazitegemei uhai wa kompyuta moja iliyo mezani.

Hata hivyo, kuna nyaraka nyingi zisizoingia katika mifumo hiyo. Humo mna barua za rufaa zilizochapwa na tabibu, orodha ya wagonjwa wa shinikizo la damu wanaopaswa kukumbushwa kurudi, majedwali ya hesabu za dawa yanayoandaliwa na mfamasia, ratiba za zamu za muuguzi mfawidhi, mihtasari ya vikao vya kujadili vifo vya uzazi, na matokeo ya vipimo yaliyopigwa picha. Nyaraka hizi huhifadhiwa kwenye kabrasha binafsi la kila mtumiaji, ndani ya kompyuta anayoikalia. Kompyuta ikiungua kwa umeme uliorudi kwa nguvu, ikiibwa, au diski yake ikichoka, nyaraka hupotea nayo. Mtumishi akihamishwa, mara nyingi huondoka na flashi yake, na anayempokea huanza upya.

Hasara hiyo haionekani katika taarifa za mwezi. Huonekana pale mgonjwa anapoulizwa maswali aliyokwisha kuyajibu, anaporudia kipimo alichokwisha kukilipia, au anapoacha kuja kliniki na hakuna anayegundua, kwa kuwa orodha iliyobeba jina lake ilikuwa katika kompyuta iliyopelekwa kwa fundi.

Kabrasha moja, makazi mawili

Njia mojawapo ya kuondoa udhaifu huu ni kuelekeza kabrasha za watumiaji kwenye hifadhi ya pamoja ya mtandao. Jina linatisha, lakini maana yake ni rahisi, na sanduku la posta husaidia kuieleza. Mtu anayeishi Kwala anaweza kuwa na sanduku la posta mjini. Barua zake huandikwa kwa jina lake, lakini hazikai nyumbani kwake. Hukaa posta, penye jengo imara na mlinzi, na ufunguo anao yeye. Nyumba ikiungua, barua zilizo posta zinabaki salama.

Ndivyo kabrasha lililoelekezwa linavyofanya kazi. Mtumiaji hulifungua palepale alipozoea, kwa jina lilelile, na huhifadhi barua yake kwa namna ileile. Kilichobadilika ni anwani ya ndani: badala ya kuandika kwenye diski ya kompyuta iliyo mezani, programu huandika kwenye seva ya taasisi. Katika kompyuta zinazotumia Windows uwezo huu si mgeni, kwani umekuwapo tangu toleo la Windows 2000. Afisa TEHAMA huweka kanuni moja katika seva, na kila mtumishi anapoingia kwa jina na nywila yake, kabrasha lake humfuata. Tabibu aliyeandika barua katika chumba cha wagonjwa wa nje anaweza kuimalizia wodini, kwenye kompyuta nyingine, bila flashi na bila kuituma kwa simu.

Utaratibu huu hauhitaji kifurushi cha intaneti pale seva inapokuwa ndani ya eneo la kituo. Waya na vifaa vya mtandao wa ndani vinatosha. Hali ni tofauti seva inapowekwa mbali, mathalani makao makuu ya halmashauri, huku kituo kikiunganishwa kwa mawasiliano hafifu. Hapo kila barua itakayofunguliwa italazimika kusafiri, na mtumishi aliyezoea kufungua jedwali mara moja atasubiri huku foleni ya wagonjwa ikirefuka. Kanuni ya busara ni kuiweka seva karibu na wanaoitumia, kisha nakala zipelekwe mbali nyakati za usiku.

Umeme na mtandao vinapokatika

Swali la kwanza la mtumishi yeyote huwa moja: mtandao ukikatika, itakuwaje? Jibu lipo, ila lina masharti. Kompyuta inaweza kuagizwa kutunza nakala ya mezani ya kabrasha lililo kwenye seva. Mtandao ukikatika, mtumishi huendelea na nakala hiyo. Ukirudi, nakala mbili hulinganishwa na mabadiliko hupelekwa kwenye seva. Tatizo huzuka endapo waraka mmoja umebadilishwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Kompyuta huuliza ni upi ubaki, na anayebonyeza kwa haraka anaweza kufuta kazi ya mwenzake. Kwa sababu hiyo jedwali linalojazwa na watu wengi, kama lile la hesabu za dawa, lisiwekwe katika kabrasha binafsi la mtu mmoja. Liwe na mahali pake pa pamoja, na mwenye dhamana ya kulisimamia ajulikane.

Nakala ya mezani ina upande wake wa pili. Kompyuta inayobebeka ikiibwa ndani ya daladala, nakala za wagonjwa zitakwenda nayo. Kompyuta za aina hiyo zinapaswa kufungwa kwa usimbaji, ili anayeiba chombo asiweze kusoma kilichomo.

Seva nayo inahitaji betri ya akiba itakayoiwezesha kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika ghafla. Vitabu vya MTUHA na fomu za karatasi visitupwe kwa sababu seva imekuja, kwa kuwa huduma kwa mama anayejifungua haisubiri umeme urudi.

Hifadhi ya pamoja si nakala rudufu

Kosa linaloweza kuwa ghali kuliko yote ni kudhani kwamba nyaraka zilizo kwenye seva haziwezi kupotea. Mtumishi akifuta waraka katika kabrasha lake, unafutika kwenye seva pia. Kirusi kikiingia kompyuta moja chenye uwezo wa kuandika kwenye hifadhi ya pamoja, kinaweza kuharibu nyaraka zote anazoruhusiwa kuzigusa mtumiaji huyo.

Dunia imelipa gharama ya somo hili. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichopewa jina WannaCry kilienea katika nchi nyingi, kikafunga nyaraka na kudai fidia. Nchini Uingereza taasisi za huduma za afya zisizopungua 80 kati ya 236 zinazosimamia hospitali za umma za England ziliathirika. Miadi ya maelfu ya wagonjwa ilifutwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Kirusi hicho kilipitia udhaifu ambao kiraka chake kilikwishatolewa miezi miwili kabla. Mwezi Mei 2021 huduma ya afya ya umma ya Ireland ilipatwa na shambulio la aina hiyo, ikalazimika kuzima mifumo yake ya kompyuta nchi nzima.

Kinga yake inafahamika kwa wataalamu kwa hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila taarifa, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe nje ya jengo. Angalau nakala moja iwe imetenganishwa kabisa na mtandao, kwa kuwa kirusi hakiwezi kugusa diski iliyofungiwa kabatini. Aidha, nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu. Kila baada ya muda uliopangwa, uchaguliwe waraka mmoja, urejeshwe kutoka kwenye nakala, na ithibitishwe kwamba unasomeka.

Ufunguo ni wa nani?

Neno pamoja huwatia hofu watumishi na wagonjwa, na hofu hiyo ina msingi. Hifadhi inayofunguliwa na kila mtu ni hatari kuliko kompyuta iliyofungiwa ofisini. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa pekee, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayosimamia utekelezaji wake.

Kabrasha lililoelekezwa likipangwa vyema huheshimu sheria hizo kuliko mpangilio wa kale. Kila mtumishi hufungua la kwake pekee. Hawezi kuona ya wenzake. Lakini hayo yote huporomoka pale kompyuta moja ya zamu inapotumiwa na watu watano kwa jina moja na nywila iliyobandikwa ukutani. Kabla ya kununua seva, kituo kianze na jambo lisilo na gharama: kila mtumishi awe na jina lake la kuingilia, na afunge kikao chake anapoinuka.

Lipo pia swali ambalo taasisi nyingi hulikumbuka likiwa limechelewa. Mtumishi akihamishwa, akistaafu au akifariki, nani atafungua kabrasha lake? Mpangilio wa kawaida unaweza kumpa mwenye kabrasha haki ya pekee, kiasi kwamba hata msimamizi wa seva huzuiwa. Hilo ni jema kwa usiri, lakini linahitaji utaratibu ulioandikwa mapema: ombi la mganga mfawidhi, idhini ya mamlaka husika, na watu wawili wakati wa kufungua. Watumishi waelezwe utaratibu huo siku ya kwanza, ili pasiwe na minong’ono kwamba mkuu wa kituo anasoma barua za watu usiku.

Namna ya kuanza

Kituo kinachokusudia kuchukua hatua hii hakipaswi kuhamisha wote kwa siku moja. Asubuhi ambayo kompyuta zote zitamimina nyaraka za miaka mitano kwenye seva, mtandao utalemewa na hakuna atakayefanya kazi. Ni vyema kuanza na kitengo kimoja, baada ya taarifa za mwezi kuwasilishwa, na uhamisho ufanyike jioni. Kabla ya hapo, kila mtumishi asafishe kabrasha lake: filamu, nyimbo na picha za harusi zibaki kwake, kwani nafasi ya seva ni ya wagonjwa. Nakala kamili itengenezwe kwanza, na isifutwe mpaka mtumishi mwenyewe athibitishe kwamba nyaraka zake zimefika.

Afisa TEHAMA naye akumbuke kuwa kanuni hiyo ikiondolewa kwa pupa, kompyuta inaweza kurudi kutazama kabrasha tupu la mezani, ilhali nyaraka zimebaki kwenye seva. Mtumishi akiona utupu huo atadhani kazi yake imepotea, na huenda akaandika mpya juu ya ile ya zamani. Maelezo ya dakika tano huzuia taharuki ya wiki nzima.

Mgonjwa naye ana nafasi yake. Anayo haki ya kuuliza taarifa zake zinatunzwa wapi na nani anazifikia, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Akiona cheti chake kinapigwa picha kwa simu binafsi ili kitumwe kwa daktari wa kituo kingine, si utovu wa adabu kuuliza iwapo hakuna njia salama zaidi. Kadi yake ya kliniki aendelee kuitunza na kwenda nayo kila safari, kwa kuwa hakuna seva iliyo karibu naye kuliko kadi iliyo mfukoni.

Kwala inajifunza siku hizi kupokea mzigo, kuupa namba, kujua umekaa wapi na kuukabidhi kwa mwenyewe bila kupungua. Barua ya rufaa ya mama mjamzito inastahili uangalifu usiopungua ule wa kontena. Vifaa vya kuitunza havihitaji kuwa vya gharama kubwa, ila vinahitaji mtu anayeamini kwamba jina lililoandikwa leo litatafutwa kesho na mtu mwingine, na kwamba ni lazima alikute.