Pantoni isiyopumzika

Pantoni ya Kigamboni ikichelewa, abiria wana jibu tayari: injini. Mama anayewahi samaki soko la Feri, mwanafunzi wa sekondari, bodaboda aliyeegemea pikipiki yake, wote watakwambia injini imechoka. Umeme hautajwi, ingawa umo hadi kwenye jina la wenye kazi. TEMESA ni Wakala wa Ufundi na Umeme, haohao wanaotengeneza magari ya serikali, viyoyozi vya maofisini na vivuko vya nchi nzima.

Bila umeme, injini yenyewe haiwaki. Ikishawaka, umeme ndio unaoendesha pampu za zimamoto, pampu za kutoa maji chini ya sitaha, redio, taa za usiku na vidhibiti vya nahodha. Tena pale pantoni inapokatiza ndipo mlango wa bandari: meli ya makontena inaingia kuelekea Kurasini, na pantoni imo njiani mwake. Kuzimikiwa hapo dakika tano si sawa na umeme kukatika mtaani Mbagala.

Adui mkubwa ni chumvi. Fungua kisanduku cha nyaya cha mota ya pampu iliyokaa miaka kadhaa karibu na sitaha. Skrubu zimeota kutu, shaba iliyokuwa iking'aa ina ukoko wa kijani, raba ya kuzuia maji imekauka na kupasuka. Joto limeikausha raba, mtikisiko umelegeza skrubu, na unyevu umepenya palipopasuka. Umeme unaanza kuvuja kidogokidogo kwenda kwenye bodi la chuma. Meli nyingi zimefungwa umeme kwa namna ambayo hitilafu ya kwanza ya aina hii haizimi kitu. Taa ndogo inawaka kwenye swichibodi, kazi inaendelea. Ya pili ndiyo inayozima, na msimamizi mzembe alishaizoea ile taa ya kwanza.

Kwa hiyo anayesimamia umeme wa meli nyingi hushinda na daftari kuliko bisibisi. Fundi anapima insulesheni ya kila mota kwa kipimo kiitwacho mega, anaandika. Tuseme mota imesoma megaomu 50 mwezi Januari, megaomu 20 mwezi Machi na megaomu 4 mwezi Juni. Bado inazunguka vizuri, na hiyo 4 peke yake haimtishi mtu, maana wengi huanza kuhangaika ikishuka chini ya 1. Anayezisoma namba zote tatu kwa pamoja ndiye anayejua kwamba mota hiyo haitamaliza mwaka. Halafu vyombo vyenyewe havifanani: MV Kilindoni ya Nyamisati na Mafia inakula chumvi kila siku, vya Ziwa Victoria viko kwenye maji baridi. Ukiona ratiba moja ya ukaguzi kwa vyote, jua imeandikwa na mtu asiyetoka ofisini.

Anayedhani huku ni kukuza mambo aikumbuke meli ya makontena iitwayo Dali. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2024, ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ilizimika umeme, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja lilianguka, wafanyakazi sita waliokuwa wakikarabati barabara juu yake wakafa. Wachunguzi walifuata mkasa ule hadi kwenye waya mmoja uliolegea: lebo ya waya ilikuwa imezuia ncha yake isiingie vizuri kwenye kishikizo. Meli ya mita 300, na lebo.

Dunia nayo ilichelewa kuutambua uzito wa kazi hii. Ofisa wa umeme wa melini alipata cheti chake mahsusi kwenye mkataba wa mafunzo ya mabaharia kupitia marekebisho ya Manila ya 2010.

Lakini daftari zuri halitengenezi mota. Kuna matengenezo ambayo hayafanyiki mpaka pantoni isimame, na hapo ndipo Kigamboni inapokwama. MV Magogoni, kubwa kuliko zote pale, yenye uwezo wa kubeba abiria 2,000 na magari 60, ilipopelekwa Mombasa mwaka 2023 kwa ukarabati mkubwa, mzigo uliangukia MV Kigamboni na MV Kazi. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, limechukua magari mengi, na boti za Azam zimeingia kusaidia waenda kwa miguu. Daraja la Kigongo–Busisi nalo lilipofunguliwa Juni 2025, vivuko vya pale vilipata nafuu, ila ni vya ziwani, na hakuna njia ya maji ya kuvifikisha Bahari ya Hindi.

Mimi naona Kigamboni inahitaji pantoni moja nzima isiyo kwenye ratiba, iliyofungwa gatini ikisubiri zamu ya mwenzake kuingia karakana. Mkaguzi wa hesabu ataiita fedha zilizolala. Tukija kwenye fedha, mwaka 2012, nauli ya pantoni ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi 200, John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, aliwaambia wasiotaka kulipa wapige mbizi. Watu wakagombana juu ya mbizi. Sikumbuki aliyeuliza ile mia ya nyongeza ingelipia siku ngapi za pantoni kusimama.

Skrubu zinaweza kukazwa usiku abiria wakipungua, betri zikabadilishwa kati ya safari na safari. Kuishusha jenereta, kuipeleka karakana isukwe nyaya upya, ipakwe vanishi, ikaushwe na kurudishwa ni kazi ya siku kadhaa, na Jumatatu asubuhi watu wanataka kuvuka.